Programu Iliyoshindwa Kujitaja

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kisangani, mwanangu, ambayo hata leo nikiiwaza napumua kwa raha.

Nilikuwa msichana bado, nikifanya kazi na Tonton Placide (tonton, yaani mjomba, ndivyo tunavyomwita mkubwa kwa heshima), aliyenifundisha kuandika programu. Tulikuwa tumeiandikia hospitali moja ya komini ya Tshopo programu ndogo ya kupima dawa za watoto: muuguzi anaandika amri na kilo za mtoto, programu inamjibu kiasi cha kuvuta kwenye sindano. Dawa ilipobadilishwa, ikaja kali maradufu, tukaandika toleo jipya. Mimi nikataka kulipeleka mara moja. Tonton akanizuia.

"Béa, ikiulizwa version yake, itajibu?"

"Tonton, nani ataiuliza?"

"Donc, andika. Kitu chenye hakiwezi kusema kiko nani, usikipatie mutoto wa mutu."

Nikanuna, nikaandika, tukalipeleka toleo lile hospitalini. Ndivyo ujana ulivyo. Kemeo la mkubwa huwa chungu kwanza.

Baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta ya wodi. Wakatoa nyingine stoo. Mama Georgette, muuguzi, akanipigia simu: ameletwa mtoto wa kike kutoka Yahuma, homa inamtikisa.

"Sindano nimekwisha kujaza," akasema. "Nauliza tu, hii kompyuta ingine iko sawa?"

"Ngoja, mama! Andika jina la programu, vistari viwili, halafu version."

Nikasikia vidole vyake vikigonga herufi.

"Inasema: amri haijulikani."

Jasho likanitoka. Toleo jipya lingejitaja. Hili lilikuwa la zamani, la dawa ile hafifu; mtoto angepewa mara mbili ya kipimo chake!

"Mama, usichome! Mwaga nusu!"

"Sijachoma, Béa. Bado iko mu mukono yangu."

Nilikaa sakafuni, nikacheka huku machozi yananitiririka. Kesho yake nilimkuta yule mtoto anakula lituma, zile ndizi za kupondwa, anagombania kijiko na mama yake.

Basi, mwanangu, ukiunda programu, ipe uwezo wa kutaja jina na toleo lake kwa amri moja, bila kumzungusha mtu. Ukibadilisha kilichomo, badilisha na namba. Na ukikabidhiwa chombo usichokijua, kiulize kabla ya kukitumia. Kuuliza si ujinga. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe wakubwa wa kukukemea mapema, na usingizi wako uwe mtamu.