Siku Tuliyomlilia Mtu wa Mchezo

Enzi zetu mtu wa mchezo akifa, alikufa. Nasema hivi kwa sababu juzi nilikuwa sebuleni kwa kaka yangu Désiré, mwanawe mdogo akicheza kwenye simu, na kabla chai haijapoa yule mtoto alikuwa amekufa na kufufuka mara sijui ngapi, wala hakuacha kutafuna karanga. Jamani, nilishtuka! Nikamuuliza, "We, huna hata huruma?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. Ninyi wenzangu mliokulia Gisenyi miaka ile ya mwisho ya tisini mtanielewa, maana sisi katika mchezo wetu tulikuwa na maiti mmoja tu, na mpaka leo nikimkumbuka mdomo unabaki wazi.

Mchezo wenyewe ulitujia ndani ya boksi. Muuguzi mmoja wa Kizungu alikuwa amepanga chumba chetu cha uani, na siku alipoondoka ghafla aliacha mto, sufuria, na boksi la jeu de rôle. Ndani mlikuwa na kitabu cha kanuni kwa Kifaransa na dadu za ajabu, mojawapo ya buluu yenye nyuso ishirini. Désiré, ambaye tayari alikuwa sekondari, alikisoma kitabu chote kisha akatueleza. Kila mmoja anajifanya msafiri katika nchi ya majoka. Yeye msimulizi anasema mmekutana na nini, ninyi mnasema mnafanya nini, na dadu inaamua kama mmeweza. Ramani haikuwamo, basi akachora milima kwa makaa kwenye saruji ya baraza yetu, na chini yake ziwa. Nchi ya majoka ikafanana na kwetu kabisa, hata moshi wa volkano aliuweka. Vizibo vya soda ndivyo vilikuwa sisi.

Likizo kubwa yote tulicheza pale, magoti yetu meusi kwa vumbi la mawe ya volkano, harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga ikitoka kwa jirani na kututesa. Tulikuwa wanne, na nakwambia, hakukuwa na wawili waliocheza sawa. Innocent alicheza kwa ngumi. Kila kitu kwake kilikuwa adui; alimpiga joka, alimpiga jini, siku moja alimpiga mwenye hoteli aliyekuwa anatuletea supu. Bosco, ambaye wazazi wake walirudi kutoka Karagwe na Kiswahili chao cha kunyooka, alicheza kwa kitabu. Huwezi kuruka mto mpaka yeye afungue ukurasa. "Kanuni hairuhusu," ndiyo ilikuwa salamu yake. Na mimi? Mama yangu alivuka mpaka wa Grande Barrière kila asubuhi na nyanya zake kwenda Goma, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilicheza kwa biashara. Joka likitokea, wenzangu wanashika mapanga, mimi naliuliza linauza nini.

Furaha, msichana mwenzangu, alicheza namna ya nne, na ndiyo iliyotushinda kuielewa. Hakutaka hazina wala vita. Alijifanya mzee mwenye goti bovu, anayetoka Masisi, kule Kongo, na fromage, jibini la huko, begani, anarudi nyumbani. Basi. Bosco alipinga kwamba Masisi haimo kitabuni. Désiré akamwambia nchi ya majoka ni kubwa. Furaha angemsemea yule mzee kwa sauti nzito, akohoe, akae chini apumzike. Angeuliza usiku atalala wapi na kama blanketi lipo. Tukimhimiza, alijibu, "Muzee yangu hawezi kimbia, goti inamuuma."

Sisi sote tulijua ni nani. Baba yake alikuwa ameenda Masisi kuleta fromage, kama alivyozoea, na safari ile hakurudi. Hakuna aliyeleta habari wala mwili. Mama Furaha alikataa katakata mtu yeyote asimlilie. Kila Jumamosi alipaka viatu vya mumewe rangi, akaviweka mlangoni, na ole wake mtoto atakayeonekana ana machozi. Kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani, alisema, ni kumfungia njia. Kwa hiyo pale barazani Furaha alikuwa na kazi moja, kumfikisha mzee wake ziwani, nyumbani. Hata Innocent alilijua hilo, ndiyo maana kizibo cha mzee tulikiweka katikati.

Ilikuwa alasiri ya mwisho wa likizo. Tulikuwa tumefika mlima wa mwisho, na joka limelala njiani. Mimi nilikuwa nimeshakubaliana nalo tangu jana yake, tulipe chumvi litupishe. Innocent hakuvumilia. "Iko nalala, njo wakati muzuri!" akasema, akapiga. Joka likaamka. Sisi watatu tukaruka pembeni, lakini mzee wa goti akabaki njiani. Furaha akaichukua ile dadu ya buluu, akaipulizia, akairusha. Ikazunguka juu ya saruji mpaka nikadhani haitasimama, kisha ikasimama kwenye moja, na moja mbele ya joka ilikuwa kifo.

Innocent alianza kulia yeye kwanza, akisema ni kosa lake. Désiré akaweka kidole juu ya dadu. "Ilipiga ukuta," akasema, "hiyo haihesabiwi. Rusha tena." Na Bosco, Bosco wa kanuni, akatikisa kichwa kukubali! Furaha akamtoa Désiré kidole.

"Hapana," akasema. "Amekufa. Muache mi nimulilie."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akakitupa, akapiga kilio. Si kilio cha mtoto. Kilikuwa kilio cha wanawake wa Kongo, kile kinachoanzia tumboni na kutaja jina. Nywele zilinisimama. Nikajikuta nami nalia, na Innocent naye amejitupa chini.

Sasa mnajua desturi yetu. Msiba hauulizwi mlangoni. Ukisikia kilio unaingia, unakaa, unalia na wenyewe. Ya nani amekufa utayajua baadaye. Mama Zuena jirani yetu akaacha sambaza wake motoni, akafunga kitenge kiunoni, akaingia. "Mwihangane, mwihangane, poleni," akasema, akakaa mkekani na kulia machozi ya kweli. Akaja mwingine na kuni. Wanaume wawili wakavua kofia, wakasimama karibu na ukuta kwa ule ukimya wao, maana machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Mtu akawasha moto. Sisi watoto tulitazamana kwa hofu. Nani angesimama mbele ya watu wazima wanaolia awaambie aliyekufa ni kizibo cha Fanta?

Mama yangu aliporudi kutoka Goma akakuta ua umejaa waombolezaji. Kikapu kilimwanguka, nyanya zikatawanyika mpaka barabarani.

"Ni nani? Ni nani kwa batoto yangu?"

Alitushika kichwa mmoja mmoja, kama anayechagua maboga. Tulikuwepo. Alipomfikia Désiré na kumwona mzima, akamzaba kofi kwanza, kisha akauliza. Désiré akasema ukweli: "Ni mutu wa muchezo, mama."

Mama Zuena akabaki na kitenge machoni. Mama yangu akaokota ukuni. "Na ile yote tumeona," akasema, "munachezea kifo? Kifo, Désiré?" Watu wakaanza kuinuka, wengine wakisonya.

Hapo ndipo Mama Furaha alipoingia getini, mbio, kiatu kimoja. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba kwetu kuna msiba na binti yake ndiye anayelia kuliko wote. Akasimama mbele ya mwanawe, akatazama milima ya makaa, akatazama kitambaa kilichotupwa.

"Dada, muache kwanza," akamwambia mama yangu. Kisha, polepole, "Huyo mutu alikuwaka nani?"

"Muzee moja wa goti," Furaha akasema. "Alikuwa anatoka Masisi na fromage. Alikuwa anarudi nyumbani, mama."

Mimi nilifunga macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipoyafungua, Mama Furaha alikuwa amekaa chini pale pale kwenye saruji. Akamgeukia Désiré, kijana wa sekondari, akamuuliza kama anavyoulizwa mtu aliyetoka huko.

"Alianguka wapi?"

Désiré akaonyesha milima ya makaa. "Juu ya mulima, mama. Ku mwisho. Alikuwa amesha ona ziwa."

"Na nyumba? Aliiona?"

"Aliona bati yake."

"Aliumia mingi?"

Bosco ndiye aliyejibu, amesimama wima, kitabu kifuani. "Hapana, mama. Kanuni inasema joka likikupata hivyo unaondoka mara moja, hata hujui." Mpaka leo nimekifungua kitabu kile mara nyingi na kanuni hiyo sijaiona.

"Hakukuwa peke yake," Innocent akasema kutoka chini. "Mi nilikuwa mbele yake. Nilipigana."

Mama Furaha akanitazama mimi. Mimi mchuuzi wa nchi ya majoka, ningempa nini? Nikasema lililokuja. "Fromage yake iko, mama. Tuliibeba. Hatukuiuza."

Mama Furaha akaitika kwa kichwa, moja moja, kama anapokea vitu mkononi. Kisha akafungua kitambaa chake, akakiweka juu ya kile cha binti yake, akalia. Mama Zuena akarudi mkekani. Wale waliokuwa wameshafika getini walirudi wakakaa, mama yangu akaurudisha ukuni motoni. Wakamlilia mpaka jua lilipokaribia kuzama na watu wakalazimika kwenda kufunga milango yao. Jumamosi iliyofuata viatu havikuwa mlangoni.

Baraza lile sasa lina vigae, na boksi analo Désiré juu ya kabati, dadu ya buluu imechubuka. Vijana wa leo wana picha nzuri, wana rangi, wana sauti za mapanga hadi mbwa wa jirani anabweka. Lakini kila mmoja yuko na simu yake, na anayekufa ndani yake hata jirani hasikii. Juzi nilimsimulia mtoto wa Désiré habari hii yote. Akaacha karanga, akasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Lakini Tantine," akauliza, "huyo muzee hakubakiaka na maisha ingine?"

Nikamwambia hapana, alikuwa na hayo tu.