Jumba Lililonuka Papa

Usiku ule nililala nimeridhika sana na nafsi yangu, jambo ambalo mke wangu husema ni dalili mbaya. Kamati ya jumba kongwe la biashara la Malindi, pale karibu na bandari, ilikuwa imenipa kazi ya kuandika historia yake, kwa kuwa mimi ni mtembeza wageni na ulimi ninao. Jumba limeingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, na maneno yangu yalikuwa yachongwe kwenye jiwe la marumaru mlangoni. Asubuhi yake, saa tatu, nilitakiwa kuyapeleka kwa mchongaji.

Niliandika kwamba ghorofa ya juu ilikuwa ukumbi wa dansi wa matajiri, na zile kulabu tisa za chuma darini zilining'iniza thurea, yale mataa makubwa ya vioo. Wageni wangu wanazipenda sana thurea hizo. Nimewasimulia miaka mingi, mpaka mwenyewe nimesadiki. Ukweli ni kwamba chini palikuwa na maduka, zikapita karafuu, zikapita ngozi, na juu palikuwa ghala la papa mkavu. Bibi yangu mzaa mama, Bi Zuhura, alikuwa mmoja wa wanawake waliomkata papa, wakamtia chumvi, wakamwanika juani kwenye paa, na mvua ikianza wakamtundika kwenye kulabu zile. Skuli waliniita Mjukuu wa Papa. Nikimwona bibi anarudi kazini, nilikuwa navuka barabara ili asije akanisalimu mbele ya wenzangu.

Basi nikaota. Nimo ukumbini, nimevaa suti ambayo sina, thurea zote tisa zinawaka, kamati yote imekaa mbele. Nasoma historia yangu kwa sauti ya redio. Nafika kwenye neno "dansi", mwenyekiti anaziba pua. Wa pili naye anaziba. Natazama juu: thurea zimekuwa papa, wananing'inia kwa mikia, kila mmoja na mshumaa kinywani, nao wananikodolea macho kama watu wanaosubiri kuombwa radhi.

Bibi akatoka nyuma ya mlango, kanga kiunoni, kisu mkononi, mfupi vilevile. Nikasema shikamoo. Aliichukua karatasi yangu, akaipeleka puani, akaivuta harufu taratibu kama alivyokuwa akikagua mzigo.

"Haina harufu," akasema. "Hii si ya jumba hili."

"Bibi, hiyo ni historia."

"Haya. Hao walocheza dansi, n'itie mmoja."

Nikaita. Naita bwana, naita bibie, naita hata kwa Kiingereza. Hakuja mtu. Alikuja paka, akawatazama papa, akakaa.

Mara hatumo ukumbini. Tuko barabarani mbele ya skuli yangu, mimi nina miaka tisa, na papa bado wananing'inia juu yetu ingawa dari haipo. Bibi anakuja na kapu kichwani. Naanza kuvuka barabara. Navuka, navuka, ng'ambo haifikiki, na kila nikigeuka yeye yuko palepale, hana haraka. Niliona haya hata usingizini.

Akatua kapu, akakata kipande cha papa, akanisogezea. Hapo nikaingiwa na hofu, maana kwetu kila mtoto anajua: marehemu akikupa chakula ndotoni usile, utamfuata. Nikafumba mdomo na kwa tahadhari nikaufunika kwa mikono miwili. Bibi akacheka mpaka kanga ikamlegea.

"Nani kakwambia ule? Nusa tu. Papa huyu ndo alokusomesha."

Nikanusa. Wallahi nililia, na si kwa ukali wa harufu peke yake.

"Basi nitaandika, bibi. Nitaweka na jina lako: Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mazao ya baharini."

"Mazao ya baharini ndo mdudu gani? Andika papa!"

Akaugeukia ukuta wa jumba, ambao sijui ulifikaje pale barabarani, akapiga ukelele mmoja. Mawe yakaachana, chokaa ikamwagika, wakatoka wanawake, kumi, ishirini, chumvi mpaka viwikoni, wanacheka, wanagombana, wananikanyaga vidole. Kila aliyepita aliinama akanitajia jina lake sikioni. Mmoja akanifinya, nadhani kwa ajili ya zile thurea.

"Jina langu peke yangu usiliweke," bibi akasema. "N'tawatazama vipi wenzangu huku niliko?"

Niliamka na adhana ya alfajiri, nikairukia kalamu. Bibi nilimkumbuka, mfinyo niliukumbuka, hata rangi za kanga nilizikumbuka. Majina yalikuwa yameniruka yote, halikubaki hata moja. Nikakaa kitandani na karatasi tupu, na saa tatu mchongaji ananingoja na patasi yake.

Nikampigia simu mama.

"Mama, wale waliokuwa wakifanya kazi ya papa pamoja na bibi, walikuwa wakiitwa nani?"

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Leo ndo umeuliza," akasema. "Karatasi unayo? Moja haitokutosha."