Mtangazaji na Nyimbo za Kubembeleza

Bosi wetu mpya alisoma taarifa ya habari kwenye televisheni kwa miaka kumi na minane kabla ya kuhamia kwenye shirika letu dogo, linalorekodi nyimbo za kubembelezea watoto. "Nimeuacha umaarufu ili niutumikie utamaduni," alituambia siku ya kwanza, akagonganisha karatasi mezani na kututazama kana kwamba sisi ni kamera. Poda usoni bado anapaka. Hata chai huagiza kwa sauti ya kutangaza msiba wa taifa, na ukimjibu kwa maneno zaidi ya matano, huanza kuzungusha kidole hewani kama wafanyavyo studioni: fupisha.

Jana alikuja mama mmoja, fundi cherehani, anayejua nyimbo ambazo wenzake wamekwisha kuzisahau. Alianza kuimba, na alipofika ubeti wa pili, bosi akamkatiza.

"Ahsante sana, mama. Kwa kifupi, wimbo unasema nini?"

"Unasema mtoto anyamaze," mama akajibu. "Basi nyamaza, mwanangu."

Tuliinamisha vichwa tusicheke. Bosi akanyamaza kweli. Mama akaendelea taratibu, na kabla hajafika ubeti wa kumi, bosi alikuwa amelala fofofo kitini, mdomo wazi. Nikainuka nimwamshe.

"Mwache," mama akaninong'oneza. "Ndiyo kwanza anaanza kazi."