Waliokosa Waje Kwangu

Mimi ni mtu wa kupagawa na vitu vidogo. Nikipata kisu kinachokata nyanya bila kuikamua, siku hiyo nyumba haina amani. Lazima kila mtu aje akate nyanya. Mume wangu husema, "Mke wangu, wewe ukipewa ufagio mpya utalala nao." Watoto wanacheka, na mimi nacheka, halafu naingia chumbani naandika habari za ufagio. Ndivyo ukurasa wangu wa mtandaoni ulivyoanza hapa Korogwe. Sikuwa na elimu ya kumpa mtu. Nilikuwa na furaha zangu za jikoni, na mezani hapakuwa na mtu wa kuzisikiliza mara mbili.

Niliandika kuhusu mchicha wangu niliouotesha kwenye ndoo zilizopasuka. Niliandika jinsi ya kuondoa harufu ya dagaa kwenye friji, na vita vyangu na mtoto wa mwisho juu ya bamia. Akina mama wakaja, wakaitana, wakazidi. Wakaanza kuniita "mama yetu." Na mimi, jamani, kichwa kikavimba.

Mtu akishapata wasomaji anaingiwa na hamu ya kuwagawia zawadi. Nilianza na doti ya kanga, nikaenda kwenye chupa ya chai. Utaratibu ulikuwa wangu mwenyewe: anayetaka zawadi anaandika chini ya tangazo kwa nini apewe yeye, mimi naandika majina kwenye vikaratasi, navitia kwenye ungo, napepeta mbele ya kamera, mtoto anaokota kimoja. Wengine nawaambia, "Msikate tamaa, wapenzi wangu, bahati ipo njiani." Sentensi ile nilikuwa naipenda, yaani nilikuwa naitamka huku nimeinamisha kichwa kidogo upande.

Siku moja nikatangaza seti ya sufuria, zile nzito zenye mifuniko ya kioo. Weee! Watu waliandika mpaka simu ikapata moto. Wengine walieleza ndoa zilizovunjika, wengine nyumba zilizoungua, mmoja alieleza ugonjwa wa mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni. Wakati wa chakula nilikuwa nawasomea wa nyumbani kwa sauti. Mume wangu akauliza, "Hao wote wamefiwa na sufuria?" Tukacheka mpaka nikapaliwa na ugali. Mmoja alikuwa ameandika tu, "Nikumbuke na mimi, niko Mnyuzi." Huyo nilimcheka zaidi, kwa sababu hata kujieleza hakujua.

Kikaratasi kilichookotwa kilikuwa cha mama mmoja wa Dar es Salaam. Akashukuru vizuri, akaongeza kwamba sufuria atampa dada wa kazi, maana yeye anazo za kutosha. Nikaweka alama ya moyo, nikaenda kuanika nguo.

Sasa, mama yangu mzazi yuko Handeni, kijiji kile kile nilichozaliwa. Analima mahindi na muhogo, na anauza ukwaju kando ya barabara. Nilimnunulia simu kubwa ili awaone wajukuu, kumbe nimemnunulia ukurasa wangu. Anausoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni: haachi hata moja. Asubuhi iliyofuata akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hawa wengine umewapa nini?"

"Wengine wepi?"

"Walioomba."

"Hawakushinda, mama. Ule ni mchezo wa bahati."

"Nimekuuliza umewapa nini."

"Sijawapa kitu."

Akawafukuza kuku wake. Halafu akasema, polepole, "Uliwaambia watu waseme shida zao mbele za watu, wakasema, ukawaacha hivyo hivyo?"

"Mama, huku ni mtandaoni, siyo uani."

"Watu ni wale wale," akasema, akakata.

Inabidi nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kumwona mama yangu mkorofi. Kule kwetu mtu akiingia uani kwako akakutajia shida yake, haondoki mkono mtupu. Utampa konzi ya mahindi, utampa ukwaju, ukikosa kabisa utampa kuni. Hakuna anayekulaumu kwa udogo wa ulichotoa. Lakini kumfanya mtu aiseme shida yake, halafu umwambie bahati ipo njiani, hiyo ni kumvua mtu nguo. Hayo nimelelewa nayo. Niliyajua. Sikufikiri kwamba yanaingia kwenye simu.

Mchana nikafungua ukurasa wangu na damu ikanipanda usoni. Chini ya picha ya mshindi mama alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa tupu: MIMI NI MAMA MZAZI WA HUYU. WALIOOMBA WAKAKOSA WAJE KWANGU HANDENI. MAHINDI YAPO KIDOGO. Akataja kijiji. Akaeleza kwamba ukishuka kituoni uliza bibi wa ukwaju, utaletwa hadi mlangoni.

Chini yake watu walikuwa wanagaragara kwa kicheko. "Kumbe mwenye moyo ni bibi!" "Bibi, tunakuja na lori." "Mtoto mchoyo, mama mkarimu." Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona wananiona mshamba, mtoto wa mtu anayeandika kwa herufi kubwa, na, mbaya zaidi, mchoyo. Na ndani ya aibu ile kulikuwa na hofu ya kweli: vuli ilikuwa imetuchezea mwaka ule. Mahindi ya mama yalikuwa ya kubanabana kumfikisha kwenye mavuno, na mbegu yake ya masika ilikuwa imening'inia jikoni juu ya mafiga, kwenye moshi, wadudu wasiiguse. Wakija watu watatu tu, atakula nini? Atapanda nini?

Nikayafuta maneno yake.

Jioni akapiga. "Siyaoni maneno yangu."

"Nimeyafuta, mama. Wewe una mahindi gani ya kugawia nchi nzima?"

"Mh," akasema. Wanaomjua mama yangu wanajua hiyo "mh" ni heri akupige.

Jumamosi nikabeba sukari na majani ya chai, nikapanda gari la Handeni, nimejiandaa kumpa somo. Nilimkuta jikoni, lile jiko la nje la udongo, maharage yanachemka kwenye sufuria yake kubwa. Nikamweleza kwa upole wa kujilazimisha: mtandao una utaratibu wake, watu wanatania, hakuna anayetoka kwake kufuata konzi ya mahindi. Akawa anaitikia "sawa," "sawa," huku anachochea moto. Nikajua hakuna lililoingia.

Hapo hapo ikasikika hodi.

Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango wa jiko. Uani amesimama mwanamke wa umri wangu, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi, mkononi ana mfuko. Akasalimia kwa heshima zote, shikamoo bibi, poleni na kazi, za hapa. Akasema ametoka Mnyuzi, amepanda gari mbili, na kituoni ameelekezwa vizuri. Akasema aliyaona maneno ya bibi kabla hayajapotea.

Jamani, nilijificha. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, nimejibanza nyuma ya mlango wa jiko la mama yangu, nimeshika pumzi kama mwizi wa nyama. Picha yangu mwanamke yule alikuwa anaiona kila siku. Angenijua mara moja. Niliomba apewe hayo mahindi, aondoke, yaishe.

Mama akamkaribisha kwenye mkeka, akampa maji, akampokea mtoto. Hakumuuliza ana shida gani. Yule mwanamke akafungua mfuko wake akatoa machungwa, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Hata yeye hakuja mikono mitupu. Kisha mama akaingia jikoni, akasimama juu ya kigoda, akaanza kufungua kamba ya mbegu.

"Mama!" nikanong'ona. "Hiyo mbegu!"

"Najua ni mbegu. Niliifunga mimi."

"Mpe ya kwenye debe."

"Ya debe ndiyo ninayokula. Unataka nife njaa?" Akateremka na vishungi viwili vya mahindi, akaacha vingine. Halafu akaielekezea macho ile sufuria ya maharage. "Pakua hayo."

"Niyaweke wapi?"

"Popote. Huyu aliomba sufuria au hakuomba?"

"Unayo hii moja tu kubwa."

"Yapakue, kaisugue."

Nikayamimina maharage kwenye beseni. Nikaenda nyuma ya jiko na jivu na mchanga, nikachuchumaa, nikasugua. Masizi ya miaka hayatoki siku moja. Nilianza kusugua kwa hasira: hasira na mama, na yule mwanamke, na aliyevumbua mtandao. Katikati ya sufuria hasira ikaniishia. Nikakumbuka sauti yangu mezani nikisoma, "Nikumbuke na mimi, niko Mnyuzi," na watoto wangu wakicheka kwa sababu mimi nilicheka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilipomrudishia mama sufuria, hakuipokea. "Mpelekee."

"Sitoki."

"Utatoka. Aliomba kwako, siyo kwangu."

Nikatoka, jivu hadi kwenye viwiko. Yule mwanamke akainua uso, akaniangalia, kisha akaruka kutoka kwenye mkeka kama aliyeona ndugu aliyepotea.

"Mama yetu! Ni wewe! Nilijua!" Akanikumbatia na jivu langu. "Mume wangu aliniambia unafuata maneno ya mtandaoni, utachekwa. Nikamwambia, yule mama namsoma, hawezi kumtania mtu. Nikamwambia, kama mama yake ametuita, basi ni yeye aliyemwambia atuite."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nikamtazama mama, alikuwa anamvalisha mtoto kofia, hana habari na mimi. Nikafunga mdomo.

Akataka tupige picha. Tukaishika sufuria katikati, yeye upande wake na mimi upande wangu, na nikatabasamu. Naujua uso wangu wa picha, ulikuja wenyewe.

Nilimsindikiza hadi kituoni nimembebea mahindi. Njiani alinieleza kwamba ameotesha mchicha kwenye ndoo kama nilivyofundisha, na kwamba jioni humsomea mkwewe makala zangu, kwa sababu mkwewe macho yamemwishia, na mkwewe hucheka sana habari za bamia. Hakuniomba kitu kingine. Gari lilipokuja alinishika mkono akasema, "Mungu akuzidishie moyo huo." Nikasema amina. Ningesema nini?

Kabla sijafika nyumbani kwa mama picha ilikuwa imeshawekwa mtandaoni. Chini yake watu wamejaa: huyu ndiye mama, tumemkosea kumwita mchoyo, wachache kama yeye. Haijawahi kutokea nikasifiwa vile. Niliandika pale barabarani, "Hapana, ni mama yangu," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Picha ile mpaka leo ipo, na kila mwezi kuna mtu anaitafuta na kuiwekea moyo. Sufuria nyingine na mbegu ya dukani nilimpelekea mama wiki iliyofuata. Alipokea, akashukuru, akaendelea na kazi zake. Hilo halikunipunguzia chochote.

Lakini siku ile ile, niliporudi kutoka kituoni, kulikuwa na maharage kwenye beseni na unga wa muhogo wa kusongea bada, ule ugali wetu, na hakuna cha kupikia. Mama alikuwa ameshatuma salamu kwa jirani. Jirani akaja mwenyewe, bibi wa rika lake, ameibeba sufuria yake kichwani.

"Kulikoni leo? Ya kwako imetoboka?"

"Haijatoboka," mama akasema, anapuliza moto. "Mwanangu kampa mtu wake aliyetoka Mnyuzi. Na mbegu kampa."

Namjua mama yangu akitaka kunisema. Sauti inapanda puani. Haikupanda. Alikuwa anasema kama anavyosema habari ya mvua, na wala hakunitazama.

Bibi jirani akageuka, akaniangalia kwa furaha kutoka kichwani hadi miguuni. "Hongera sana, mwanangu. Mama yako hakukulea bure."

Nikaipokea sufuria kwa mikono miwili, nikasema, "Asante, bibi."