Wageni Walioingilia Upande wa Zizi

Sokoni Kiganjo, Dedan alikuwa mtu wa viazi, ingawa hakulima hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mkulima mwenye haraka na mnunuzi mwenye lori, na kuhakikisha kila mmoja anaondoka akidhani amemshinda mwenzake. Kazi hiyo ilimjengea nyumba ya mawe na kumsomesha binti yake Wendy. Kulikuwa na neno moja tu alilolikwepa kama gunia lililooza: sijui. Ukiulizwa viazi vimetoka shamba gani, unataja shamba. Ukiulizwa vitakaa siku ngapi, unataja siku. Anayesema hajui ameshusha bei yake mwenyewe.

Ndiyo maana ukoo ulimchagua awe msemaji siku walipompeleka Mutahi, mtoto wa marehemu ndugu yake, kwa kina Lynn kuomba mke.

Mbuzi wa mahari hawakuwa shida. Mbuzi huzungumzika. Shida ilikuwa Doldol. Mutahi alikuwa amepata kazi huko ya kutibu mifugo, na Mzee Gikonyo, babake Lynn, alikuwa ametuma neno mapema kwamba hatamtoa mtoto wake aende mbali akiwa na watu asiowaamini. Monicah, mamake Mutahi, alimwambia Dedan wakiwa bado nyumbani, "Baba Wendy, wewe uko na mdomo. Huyo mzee aone tu sisi ni watu wa kutegemewa. Sikuombi kingine."

"Hiyo ni kazi ndogo," Dedan alisema.

Walikwama kwenye daraja. Lori la mawe lilikuwa limezama matopeni, likaziba barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Dereva wake alikuwa ameketi kwenye jiwe akila hindi la kuchoma, akingoja trekta. Ng'ambo ya pili kilisimama kilima cha Gathima, kidogo, kimevaa miti kuanzia miguuni hadi utosini, na boma la Mzee Gikonyo lilikuwa nyuma yake. Watu waliweza kupenya kando ya lori kwa miguu. Gari lao halingeweza.

"Tuite bodaboda watuzungushe," Monicah alisema.

"Tufike mmoja mmoja kama watu wa kuuza mayai? Wageni wa posa hufika pamoja." Dedan alinyoosha fimbo yake kuelekea kilimani. "Tunapanda hapa, tunashukia kwa lango lao. Hii njia naijua."

"Unaijua kweli?"

"Mama Mutahi, mimi nimezaliwa wapi? Si ni hapa hapa?"

Alikuwa amekiona kile kilima maisha yake yote, ila akiwa barabarani. Hakuwa amewahi kukikanyaga.

Wakapenya kando ya lori, wakaanza kupanda, Dedan mbele na fimbo, kina mama nyuma wakiwa wamebeba vikapu mgongoni, kamba zikiwakata paji la uso. Vikapu vile vilikuwa na sukari, unga, mikate na mafuta ya kupikia. Mwanzoni njia ilikuwa pana na yenye heshima, Dedan akapata hata pumzi ya kusimulia. Kwenye miti ya miberoshi ikagawanyika mara mbili. Alichagua iliyo pana. Ilikuwa njia ya ng'ombe, na ikawafikisha mahali ng'ombe wanapotaka kufika, yaani kwenye dimbwi la maji.

"Ankol, wacha nicheki kwa simu," Mutahi alisema. "Network iko kidogo."

"Simu ilichunga mbuzi hapa lini? Songa."

Kutoka pale hapakuwa na njia, palikuwa na kupanda tu. Wakashika mizizi. Wakaingia kwenye thabai, yale majani ya kuwasha, na Dedan, aliyekuwa akifungua njia kwa mkono ili asionekane anasita, akawashwa hadi kwenye kiwiko. Suruali yake ya suti ikapasuka gotini. Nyuma yake wimbo uliokuwa umeanzishwa na kina mama ukafa ubeti kwa ubeti, ikabaki kuhema.

Kileleni miti iliachana kidogo, wakaliona boma. Hema jeupe, moshi, paa la mabati ya kijani. Lango lilikuwa upande wa mbali kabisa, na hata kutoka kule juu waliweza kuona kanga za wanawake waliojipanga kuwapokea. Chini yao moja kwa moja palikuwa na mgongo wa boma: zizi, shamba la majani ya ng'ombe, na vyungu vya mapishi motoni.

Monicah alitua kikapu. "Turudi, Baba Wendy. Afadhali tuchelewe. Hatuwezi kuingia kwa watu kama kuku."

Huo ulikuwa wakati wa Dedan kusema kwamba hajui. Mbele yake walikuwa watu wake mwenyewe, hakuna mnunuzi, hakuna bei. Lakini ulimi ulikuwa umezoea njia yake.

"Kuna kanjia kando ya ua. Katatuzungusha mpaka langoni. Hakuna atakayetuona."

Hakukuwa na kanjia. Ua ulikuwa wa kayaba, umefungana miiba kwa miiba hadi mtoni, na tundu lilikuwa moja tu, lile la kupitishia ng'ombe. Majani yalikuwa yamelowa, mteremko ukawasukuma, na kabla hajapata la kuongeza, Dedan alitokea nyuma ya zizi, mavi ya ng'ombe hadi kifundoni, uso kwa uso na Phyllis, shangazi ya Lynn. Phyllis alikuwa ameinamia sufuria, anaonja mchuzi.

Kwa wenyeji wa huku, mgeni wa posa husimama langoni. Huimba. Wanawake wa boma humjibu kwa wimbo, humzuia, humtania, humuuliza anatoka wapi na anatafuta nini, na hapo ndipo msemaji huonyesha uwezo wake. Hakuna mgeni wa posa anayefika kwanza jikoni.

Phyllis alilamba mwiko polepole. "Nyinyi ni wageni, ama ni wale wanatuibiaga maziwa?"

Dedan alipangusa kiatu kwenye majani. Langoni, wanawake walikuwa wakiimba wakiitazama barabara tupu.

"Basi mtoke," Phyllis alisema. "Mtoke muingie kama watu."

Na njia ya kutoka ilikuwa moja, katikati ya boma. Wakapita mbele ya hema, mbele ya wazee waliovaa kofia na wajukuu waliovaa nguo za Jumapili, mbele ya Lynn aliyejifunika uso kwa viganja. Hakuna aliyecheka, na Dedan angelipia kicheko. Mzee Gikonyo aliinuka kidogo kitini kwa adabu, kisha akaketi. Wanawake wa langoni ikabidi wafungue lango kwa ndani, wageni wakatoka, lango likafungwa nyuma yao.

"Hodi ni ya nani?" Phyllis aliita kutoka ndani. "Nyinyi mnatoka wapi?"

Dedan alikuwa ameandaa jibu la swali hilo kwa wiki nzima. Lilikuwa na tai ndani yake, na mto, na ua lililoonekana kwa mbali. Akatafuta mwanzo wake, asiupate.

"Tumetoka," alisema, "tumetoka kwenu."

Sasa ndipo walipocheka.

Ndani, baada ya chai, Mzee Gikonyo hakupiga kelele wala kukejeli. Alimgeukia Dedan na kuuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi: "Mnataka kumpeleka mtoto wangu Doldol. Huko nako, njia mnaijua?"

Mikono ya Dedan ilikuwa imevimba kwa thabai. Alikuwa na majibu mengi ya Doldol. Aliyaangalia yote, akaona kila moja lina matope.

"Sijui, mzee," alisema. "Sijawahi kufika."

Mzee Gikonyo akaliacha jibu hilo pale na kumtazama Monicah.

"Na wewe, mama? Kule juu ya kilima, wewe ulisema nini?"

Monicah alimtupia Dedan jicho moja, fupi. "Nilisema turudi."

"Lakini ukashuka."

"Nilishuka kwa sababu moyo wa mtoto wangu ulikuwa huku. Doldol pia nitaenda, mzee, nione anapolala Lynn kabla sijamwacha. Na nitauliza njia."

Mzee alitua kikombe chake. Kisha akasema mazungumzo ya Lynn yataendelea, na kwamba kuanzia siku hiyo ataongea na Mama Mutahi. Hakumtaja msemaji. Wazee wengine walikunywa chai yao kwa makini.

Jioni waliondoka kupitia langoni, kwa barabara, kwani trekta lilikuwa limefika na gari lao liliwangoja darajani. Vikapu havikurudi vitupu. Monicah alikuwa amejitwika chake, kizito kuliko asubuhi, na Dedan akamkaribia, akaishika kamba.

"Lete nikubebee, Mama Mutahi."

Mwanamume aliyebeba kikapu mgongoni kama mwanamke angeonwa na kijiji kizima, na huenda hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Monicah aliutoa mkono wa Dedan kwenye kamba bila ukali.

"Wacha. Wewe tembea tu mbele kama asubuhi," alisema. "Hii ni barabara. Haina pa kupotelea."

Kina mama wakaangua kicheko. Dedan akachukua fimbo yake, akatembea mbele.