Njia ya Kwa Askofu

Enid Passmore alikuwa na mkono mzuri wa kuelekeza. Ukimwuliza njia alitoka nje ya duka, akasimama kizingitini, akaunyoosha mkono wote wa kulia kuanzia begani, na kidole hakikutetemeka. Wageni walimwamini kabla hajafungua kinywa. Mwanamke mnene kidogo, mwenye aproni ya bluu na nywele zilizowekwa mawimbi kila Ijumaa, aliyezaliwa kijijini kwetu Coldstow, akaolewa Coldstow, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake akawauzia watu wa Coldstow mkate, siagi na stempu: nani angemdhania uongo?

Nasi hatukuuita uongo. Tuliuita ulinzi.

Tuliyekuwa tukimlinda ni Jack Calder. Kulikuwa na wakati sauti yake ilitoka kwenye kila redio nchini, halafu akachoka, akanunua nyumba ya Kinuni, palipokuwa na kinu cha zamani, chini ya kijiji chetu, akahamia na mbwa wawili na magitaa ambayo hakuna aliyeyaona. Siku ya kwanza alipoingia dukani, Enid alimwuzia maziwa na kumwambia kwamba mvua itanyesha. Basi. Hakumwambia kuwa yeye na mumewe Walter walifungua dansi ya harusi yao kwa wimbo wake. Hakumwambia siku ile wala miaka yote iliyofuata. Sheria ilikuwa imeshapatikana bila mkutano: Jack ni mtu wa Kinuni, anapenda mkate wa kahawia, mbwa wake mmoja anachechemea. Muziki hatuujui. Baani tulimtania kwa ua wake wa miti, ambao aliukata vibaya kila mwaka, naye alifurahi kutaniwa hivyo. Tulimpa zawadi ya kutomjua, na nadhani tuliionea fahari zawadi hiyo kuliko alivyozionea yeye nyimbo zake.

Wageni walikuja hata hivyo. Vijana wenye magitaa mgongoni, wanawake wenye mvi waliotaka kuugusa mlango wake, mwanamume mmoja aliyetoka nchi za baridi na shada la maua lililokuwa limenyauka njiani. Wote waliulizia dukani, na Enid akawapeleka kwa Askofu.

Askofu alikuwa fahali wa Des Hockaday, mwenye baa, ambaye pia alikuwa na kishamba nyuma ya kanisa. Fahali mzito, mwendo wa heshima, doa jeupe kooni kama kola ya kasisi. Alikufa zamani, lakini jina likabaki na ile njia. Unashuka nyuma ya kanisa, unafuata kijia kati ya kuta mbili za miiba, unafika mahali mto unapoikatiza njia. Hapo unavua viatu au unarudi. Ukivuka unakuta geti, na nyuma ya geti tope lililochimbwa na kwato, na nyuma ya tope hakuna kitu. Kinuni kuko upande wa pili kabisa wa kijiji. Jioni baani mtu akiuliza, "Leo vipi?" mwingine alijibu, "Wawili, kwa Askofu," na kicheko kikazunguka meza zote. Jack mwenyewe, kwenye kona yake karibu na moto, aliinua glasi.

Yule mwanamke alishuka kwenye basi la Alhamisi, mwezi wa tatu, mvua ya rasharasha ikinyesha tangu asubuhi. Alikuwa mfupi, umri wake umepita sitini, amevaa viatu vya mjini vilivyong'arishwa vizuri, na kwapani amebana bati la keki lililofungwa kwa skafu. Alijifuta miguu mlangoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Habari za mchana, mama," alisema. "Namtafuta Bertie."

"Bertie yupi, mpenzi?"

"Bertie Snape. Labda ninyi mnamwita Jack."

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

Enid alikuwa amewahudumia madada wengi wa Jack Calder. Aliwahi kumhudumia mke wake, ambaye hakuwa mke wake, na mama yake mzazi, ambaye alikuwa mdogo kuliko Jack. Akatabasamu, akatoka kwenye kaunta. Lakini wote waliotangulia walisema Jack Calder, jina zima, kama mtu anayelisoma kwenye jalada la santuri. Huyu alisema Bertie kama mtu anayeita mtoto aje kula. Enid aliisikia tofauti hiyo. Alikuwa tayari kizingitini, na mkono ulikuwa umeshanyooka.

"Shuka nyuma ya kanisa, mama, ufuate kijia mpaka mwisho. Huwezi kupotea."

"Asante sana. Nilikuwa naogopa kuuliza."

Akaenda. Alitembea pembeni mwa barabara, akikwepa madimbwi kwa ajili ya viatu vyake, bati limebanwa kifuani ili mvua isiliguse.

Jioni ile Enid alikuja baani na Walter. Alikunywa kidogo, akangoja watu wakae, kisha akasema kwamba leo alikuwa na dada. Des akauliza huyo ni wa ngapi, maana mama yake Jack inaonekana alizaa kama sungura. Tulicheka. Enid akaelezea viatu, akaelezea bati, akaigiza jinsi yule mama alivyojifuta miguu, na tulicheka zaidi, kwa sababu Enid ana kipaji cha kuigiza. Jina la Bertie hakulitaja. Kona ya Jack ilikuwa tupu. Tulidhani ni mvua.

Asubuhi yake Jack alikuwa mlangoni Enid alipofungua duka. Hakuwa amenyoa.

"Enid, jana hakupita mwanamke hapa? Mfupi, ana bati la keki."

Enid alikuwa anapanga mikate. Aliendelea kuipanga.

"Sikumwona mtu, Jack. Mvua ile, nani angetoka?"

Huo ndio uongo wake wa kwanza ambao haukuwa na jina la utani. Jack alimtazama, akasema haya, akachukua maziwa, akaondoka bila mbwa, akarudi kumchukua mbwa bila kuinua macho.

Baada ya hapo hakuja tena dukani. Alionekana akiendesha gari kwenda kununua mkate mjini. Des alisema ni mambo ya kodi. Wengine walisema ini. Enid naye akaacha kuja baani. Siku moja dereva wa lori alimwuliza njia ya kwenda barabara kuu. Akatoka, akanyoosha mkono, halafu akautazama mkono huo kwa muda, kama kitu alichokiokota mahali. Dereva alilazimika kumwuliza mara ya pili.

Walter, ambaye maneno yake huwa machache, alimwambia wakiwa mezani, "Mke wangu, kama una jambo na mtu wa Kinuni, Kinuni si mbali."

Alikwenda Jumapili baada ya ibada, na kofia yake ya kanisani kichwani. Jack alimfungulia, akampeleka jikoni. Mezani bado kulikuwa na kitambaa cha wageni, cheupe, kilichotariziwa pembeni, na juu yake vikombe viwili vya kaure vilivyogeuzwa chini. Enid aliona vikombe, na maneno aliyoyapanga akiwa kanisani yakamtoka kichwani.

"Nilimwona," alisema. "Nilimpeleka kwa Askofu."

"Najua. Alinipigia simu jioni ile ile, alipofika kwake."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilitaka nisikie kwako."

Kisha akamweleza, amesimama, mgongo kwenye sinki. Mama yao alipokufa yeye alikuwa ng'ambo kwenye maonyesho, akatuma maua badala ya kuja kumzika. Ivy, dada yake, hakusema naye tangu siku hiyo. Majira haya ya baridi ndipo alipopokea simu yake bila kuikata. Alitaka kwenda kumchukua kwa gari, Ivy akakataa, akasema yeye si mzigo, ana miguu. Akasema ataleta keki ya mbegu kama ya mama. Jack hakumwambia mtu yeyote kijijini. Hakuwa na mazoea ya kutuambia mambo, na sisi hatukuwa na mazoea ya kumwuliza.

"Alivua viatu akavuka mto," Jack alisema. "Akaliona geti, akavuka tena kurudi. Anasema niliweka walinzi wamfukuze. Nikamwambia sikujua. Akaniuliza, ile njia inakwenda wapi? Nikashindwa kumjibu, Enid, kwa sababu nilijua inakwenda wapi. Nimeicheka miaka yote hii pamoja nanyi. Sasa nikipiga anakata."

Enid aliomba anwani.

Yaliyofuata tuliyasikia kwake mwenyewe. Alirudi kutoka Walsall, mjini kwa Ivy, kwa basi la mwisho, akaja moja kwa moja baani, hakuvua koti, hakukubali kiti. Alitusimulia kila neno, na safari hii hakumwigiza mtu.

Ivy Snape anaishi kwenye safu ya nyumba za matofali zilizoshikana, na ngazi ya mlango wake huoshwa kila siku. Alifungua, akamtazama mgeni, akasema alimtambua kwa bega, lile lililomwelekeza njia. Alimkaribisha. Alimtilia chai kwenye kikombe kizuri, na wema huo Enid alisema ulimwumiza kuliko kufukuzwa. Kisha ikabidi amweleze mzaha wetu. Mtu yeyote anayetaka kujua mzaha wake una thamani gani, amweleze aliyetaniwa, polepole, mchana, mbele ya chai.

"Askofu ni nani?" Ivy aliuliza.

"Fahali."

"Fahali."

"Alishakufa."

Ivy alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Na jioni mnakaa baani mnacheka."

"Ndiyo."

"Mlinicheka mimi?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyeanzisha. Niliwaonyesha ulivyojifuta miguu."

"Bertie alikuwepo?"

"Hapana. Alikuwa kwake anakungoja. Hakumwambia mtu kwamba unakuja. Vikombe viko mezani mpaka leo."

Ivy aligeukia ukuta. Chumba kilikuwa na saa ya ukutani, na picha ya mwanamke mnene anayecheka, ameshika mtoto wa kiume kwa kola.

"Nilikutajia Bertie," alisema.

"Ndiyo."

"Ulilisikia."

Enid alituambia kwamba hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema mvua, angeweza kusema uzee wa masikio, na Ivy angekubali, kwa kuwa ni mwanamke mwenye adabu. Kijiji chetu kizima kimejengwa kwa milango midogo kama hiyo.

"Nililisikia," akasema. "Lakini mkono ulikuwa umeshatoka, na nilikuwa nimeshafikiria nitakavyowasimulia."

Ivy aliondoa vikombe, akavipeleka jikoni, akarudi bila kukaa.

"Unazipenda nyimbo zake?"

"Nilicheza mmoja kwenye harusi yangu."

"Umewahi kumwambia?"

"Hatumwambii. Ndiyo heshima yetu."

"Miaka yote hiyo," Ivy alisema, "yuko katikati yenu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia." Akamfungulia mlango, akamwonyesha kituo cha basi, na njia aliyomwonyesha ilikuwa sahihi.

Enid alipomaliza kusimulia, Des alikuwa anafuta glasi iliyokwisha kukauka. Mtu mmoja alianza kusema kwamba, kwa kweli, nia yetu ilikuwa njema, kisha hakumaliza. Nilitazama kona ya Jack karibu na moto, kiti kitupu, ambacho hata siku hiyo hakuna aliyethubutu kukikalia, na nikaona kwamba tulikuwa tumemweka mtu pale kama tunavyoweka sahani ya kaure kabatini, tukauita huo ujirani.

Mwezi wa tano, Alhamisi, teksi ilipita kijijini. Enid alikuwa dirishani akipanga makopo. Alimwona Ivy kiti cha nyuma, bati mapajani. Teksi ilipunguza mwendo mbele ya duka, kwenye kona, na Ivy aligeuza uso akamtazama. Enid aliinua mkono. Ivy hakuinua wake. Gari likashuka njia ya Kinuni, na Enid, kwa kuwa mkono ulikuwa tayari juu, akautumia kuweka sawa kopo lililokuwa tayari sawa.

Kesho yake Jack aliingia dukani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Aliomba mkate wa kahawia. Kisha akaweka juu ya kaunta kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi ya siagi.

"Ivy kasema hii ni yako."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema, mwambie ilifika."

Enid hakujua kama hayo ni msamaha au kofi, na Jack hakumsaidia kujua. Alikuwa na maneno mengine ya kumwambia Jack, kuhusu harusi na ule wimbo, nayo yalifika mpaka mdomoni. Lakini palikuwa na foleni, mimi nikiwa nyuma ya Jack na stempu zangu, na yeye akasema tu kwamba mvua itanyesha. Jack akasema inaelekea hivyo. Akatoka.

Enid aligeuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga", akaniomba radhi, akaenda nyuma ya pazia. Nilimsikia akifungua karatasi. Kipande kile cha keki alikila chote akiwa amesimama, mpaka makombo, na hakurudi haraka.