Vyura Watatu na Ndoo ya Mlangoni

Harufu ya klori ndiyo inayonirudisha kwenye msimu ule wa Ebola, hapa Butembo, nilipokuwa na miaka kumi. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klori yenye robine, kibomba cha kufungulia. Huingii bila kunawa, hata kama umetoka uani tu. Ndani, katika vitrini, kabati dogo la kioo ambalo zamani mama alipangia maandazi, nilifuga vyura watatu wa mitini. Walifika wamejificha kwenye mkungu wa ndizi kutoka Vuhovi. Walikuwa wa kijani, vidole vyao vya mviringo vikinata kwenye kioo, na ukisogea karibu uliona koo likipigapiga. Niliwakamatia nzi, nikawawekea majani ya mgomba na maji ya mvua.

Kisha mvua ikakatika, nami nikachota maji kwenye ndoo ya mlangoni. Nilifikiri hivi: maji yanayotulinda sisi yatawalinda na wao. Jioni mmoja wao alikuwa chali, miguu imenyooka. Nilimshika kabla ya kukumbuka tuliyofundishwa shuleni: usiguse mnyama aliyekufa, toa habari. Nikaamini nimeingiza ugonjwa nyumbani, na kwamba nikisema tutapelekwa sote kwenye kituo cha matibabu, hata mdogo wetu Kahindo aliyekuwa bado ananyonya. Nikamzika chura nyuma ya choo, nikanyamaza. Wakati wa kula nilikaa mbali na mtoto.

“Masika, juu ya nini unakaa kule sawa mugeni?” mama aliuliza. “Kuya ukule.”

“Muache, mama,” kaka yangu Kambale akasema. “Anafunga pamoja na vyura yake.”

Kesho yake wa pili akafa, na Kahindo akaamka na joto. Hapo nikasema yote. Mama alifungua vitrini, akanusa.

“Ulibapa maji ya wapi?”

“Ya kunawa.”

“Masika, ile inauaka mikrobe. Kachura kataiweza?”

Yule wa tatu, mama alimbeba kwenye sahani ya maji ya chemchemi hadi migombani. Akarudi, akaninawisha kwenye ndoo ileile, muda mrefu, kisha akanishika mikono yote miwili, siku zile ambazo watu walisalimiana kwa viwiko. Siwezi kusema hakuogopa. Joto la Kahindo lilikuwa la kuota meno tu.

Hadi leo sina hakika kama ni klori iliyowaua. Huenda ni njala, labda nzi wangu hawakutosha. Ndoo siilaumu, labda ndiyo iliyotuokoa. Bado ipo, robine imevunjika, mama analowekea maharage. Anasema harufu iliisha zamani. Mimi hunusa kwanza, ndipo nile.